Majina ya Mpwa Wangu

Newala, ukikutana na mtu mzima mwenye jina moja tu, ujue ni mgeni. Mimi ninayo matatu. La kwanza alinipa mama nikiwa mchanga, na leo mtu akilitamka mbele za watu nitahesabu kwamba amenitukana. La pili nililipata nilipotoka likumbini, kwenye kambi ya jando, na ndilo wenzangu wa rika wananiita. La tatu aliliandika mwalimu kwenye rejista ya darasa la kwanza, kwa sababu mjomba aliyenipeleka shule alikuwa Mkristo wa Masasi na alitaka jina la mtakatifu. Serikali inalijua hilo la tatu peke yake.

Huku kwetu mambo haya ni ya zamani sana. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa hapa Newala na mashine yake ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo, akaandika juu ya unyago na juu ya watu wanaobadili majina wakishatoka humo. Miaka 30 kabla yake, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alikuwa amewaacha Masasi watu waliokombolewa utumwani Unguja. Wengi wao walikuwa na majina mapya ya ubatizo juu ya yale waliyouzwa nayo, na chini yake yale waliyozaliwa nayo, kama bado waliyakumbuka. Baadaye misheni ya Steere, UMCA, ikaona haiwezi kulifuta jando, ikaanzisha jando la Kikristo, kazi ambayo wazee wa Masasi bado wanaitaja pamoja na jina la Askofu Vincent Lucas. Dini ikabadilika, majina yakaendelea kutolewa.

Nimetangulia na hayo kwa sababu mpwa wangu aliponiambia anataka kubadili jina kisheria, kilichonishtua hakikuwa kubadili jina.

Mimi nimeishi kwa majina ya watu. Tangu ujana ninapiga chapa hati karibu na mahakama, mwanzo kwa taipureta, sasa kwa kompyuta, kwenye kachumba ambako watu wanakaita steshenari ingawa kalamu ninazouza ni chache. Kazi kubwa ni viapo. Mtu ni Hamisi kwenye kadi ya kliniki, ni Hamis kwenye cheti cha darasa la saba, na kwenye daftari la chama cha msingi karani kamwongezea jina la babu ambalo mwenyewe hajapata kulitumia. Zamani hilo halikumzuia kula. Alipeleka korosho, zikapimwa, akalipwa mkononi na karani anayemjua kwa sura. Ulipokuja mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, na baadaye malipo ya benki, sura haikutosha tena. Chama kikuu cha ushirika, TANECU, kinapiga mnada, fedha inaingia kwenye akaunti, na benki inataka jina la akaunti lifanane na la kitambulisho na la daftari. Herufi moja ikizidi, mtu anamaliza Novemba nzima akidai fedha za magunia aliyoyatoa Oktoba. Anakuja kwangu, nampigia kiapo, anakwenda kwa wakili kuapa kwamba Hamisi na Hamis ni mtu mmoja.

Kiapo ni kazi nyepesi. Nzito ni hati ya kubadili jina, ambayo mawakili wanaiita didi poli. Kiapo kinasema majina mawili ni ya mtu mmoja. Hati inasema mtu huyu ameliacha lile na ametwaa hili. Wakili anaiandaa, mwenyewe anasaini mbele yake, inalipiwa ushuru wa stempu, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, kisha jina jipya linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa na ambalo sijapata kumwona mtu wa Newala akilisoma kwa hiari yake. Ndipo unakwenda NIDA kubadilishiwa kitambulisho. Wanaokuja kwa hati hiyo ni waliobadili dini, wanawake walioachika wasiotaka tena jina la mume, na watu wachache ambao walipewa utotoni jina la balaa na wamechoka kulibeba.

Halafu ukaja mwaka 2017. Mwezi Aprili Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Nchi ilizungumza juu ya wezi wa vyeti. Huku tulijua pia habari nyingine, ya mtoto ambaye hakuchaguliwa kwenda sekondari akarudia darasa la saba kwa jina la mwenzake aliyeacha shule. Alifaulu kwa jina hilo, akaajiriwa kwa jina hilo, akaoa kwa jina hilo, na watoto wake wakarithi jina la mtu ambaye yuko kijiji cha pili analima mihogo. Tangu mwaka ule, karani yeyote akiona majina mawili kwa mtu mmoja ananusa udanganyifu. Simlaumu sana. Lakini wanaoingia ofisini na hati halali ndio wanaoulizwa maswali ya wezi.

Basi mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na kwetu Wamakonde ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba ndiye anayeulizwa. Baba yake yupo, ni mtu mwema. Lakini aliyemshika mkono kumpeleka likumbini nilikuwa mimi, na jina alilotoka nalo nililichagua mimi: la mjomba wa mama yangu, aliyefyeka msitu upande wa Kitangari na kupanda mikorosho ambayo ukoo unaivuna hadi leo. Majina yenyewe sitayaandika hapa. La zamani mwenyewe hataki lisomwe tena, na jipya nikiliandika nitakuwa nimemtafutia watu.

Alikuja kutoka Dar es Salaam, ambako anatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, akiwa amevaa suruali na kofia kwa kuwa basi lina macho mengi. Akasubiri wateja waishe.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Kuna msiba?”

“Hakuna. Nimekuja kwa habari ya jina.” Akavuta benchi. “Mjomba, mimi ni mwanamke. Nilijua kabla hujanipeleka likumbini. Nilikwenda kwa sababu ni wewe uliyenishika mkono.”

La ukoo lilinikwama, nikamwuliza la kazini. “Unataka kubadili lipi? La shule au la likumbini?”

“La shule najua pa kulipeleka,” alisema. “La likumbini nimelileta kwako.”

Wapo wasomi, nimewasoma, ambao wangeirukia habari hii. Wangesema: oneni, desturi za Kiafrika zilishawapa nafasi watu wa namna hii, jando lenyewe ni ushahidi. Siwafuati. Ya likumbini hayasemwi nami nitayaacha huko, lakini hili si siri: jando na unyago vinagawa watoto mafungu mawili, na hakuna fungu la tatu. Jina unalotoka nalo linakufunga upande mmoja mbele ya watu wote. Mpwa wangu alifungwa upande usio wake, kwa ngoma na vigelegele, na mjomba akiwa wa kwanza kufurahi. Anayetaka kulisifu jando kwa habari hii alisifu na hilo ndani.

Hata hivyo kuna jambo ambalo jando limetufundisha, na ambalo mijini naona watu wanafundishwa upya kwa semina. Mtu akishavuka, jina la nyuma halirushwi usoni mwake. Halijasahauliwa, mama yake analijua, wenzake wanalijua, nalo likitamkwa kwa ugomvi kikao cha wazee kinaweza kuitwa. Dar es Salaam mpwa wangu anapata kazi ya kuwaeleza watu wenye digrii kwa nini kuitwa jina la zamani kunamuumiza. Hapa Newala hakuna mzee wa kuelezwa hilo. Unaweza kumkuta anayekataa kabisa kwamba mtu anaweza kuvuka kutoka huku kwenda kule, na wengi wanakataa. Lakini kwamba jina lililoachwa likitupwa usoni ni jiwe, hilo analijua tangu akiwa na miaka kumi.

Hati niliipiga chapa mwenyewe, wakili akaisahihisha. Kwa miaka yote niliyoandika hati hizo sikuwahi kuzisikiliza. Ina mambo matatu: mtu analiacha jina la kwanza moja kwa moja, anatwaa la pili kwa shughuli zote za maisha yake, na anawaomba watu wote, wakati wote, wamwite hilo. Hilo la tatu ndilo lililonisimamisha vidole. Kumbe sheria nayo inajua kwamba jina halimaliziki kwenye karatasi, linaomba midomo ya wengine.

Katika hati yote hakuna mahali panapouliza kama jina ni la kiume au la kike. Sheria haina orodha ya kuyagawa, na huku kwetu ingepata tabu kuitunga. Uwanja mkubwa wa mpira wa Mtwara unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa heshima ya Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa enzi za uhuru. Sijaona, Tabu, Shida, Sikujua: haya ukiyasikia bila kumwona mtu, huwezi kuapa ni baba au mama. Wakili mmoja alimshauri mpwa wangu achukue jina la namna hiyo, lisilo na upande, ili makarani wasimsumbue. Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye busara ya ofisi. Mpwa wangu akamjibu kwamba la kujificha analo tayari.

Karatasi ina mipaka yake, na nilimwambia mapema. Kwetu hakuna utaratibu wa kisheria wa kubadili ile alama ya ME au KE. Jina jipya la kike linaingia, alama inabaki palepale, na kitambulisho kinakuwa kama mtu aliyevaa gauni na koti la mjomba wake. Cheti cha kidato cha nne nacho kinabaki na jina lililofanyiwa mtihani. Ukiomba kazi unakibeba pamoja na hati, na hati inamweleza mwajiri kabla hujafungua mdomo.

Kwa hilo la cheti alikuwa na jibu ndani ya simu, hukumu ya Nairobi. Niliisoma usiku mzima kwa raha ya mtu aliyezoea kupiga chapa hukumu za mbuzi na mipaka. Audrey Mbugua Ithibu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 akiwa Kiambu High School, kwa jina la kiume alilozaliwa nalo, akapata A ya kutoa. Alipoanza kuishi kama mwanamke cheti kizuri namna hiyo kikawa hakimfai, kwa kuwa kila alipokionyesha alionekana amekiiba. Aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia, likakataa, akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza limpe cheti kipya chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja iliyonipendeza ni ya kawaida kabisa: hakuna kanuni iliyolilazimisha baraza kuweka alama hiyo, na cheti bila hiyo kinabaki cheti. Alichokipata mtahiniwa alikipata kwa kichwa chake. Miezi michache kabla, Julai mwaka huohuo, Jaji George Odunga alikuwa ameiamuru bodi inayosajili mashirika yasiyo ya serikali nchini humo ikiandikishe chama cha Audrey na wenzake, Transgender Education and Advocacy, baada ya bodi kukataa.

Nikamweleza mpwa wangu kile ambacho wakili yeyote angemweleza: hukumu ya Nairobi haimfungi jaji wa Mtwara, inaweza tu kusomwa mbele yake. Wakenya wana Katiba ya 2010. Sisi tuna ya 1977, ambayo ibara yake ya 12 inataja heshima ya utu wa mtu, na maneno hayo yanasubiri mtu wa kuyabeba hadi kizimbani. “Si mimi,” alisema. “Mimi nataka kununua ndizi.”

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Tangu laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, jina la NIDA ndilo jina la simu. Ukimlipa mtu, linatokea kwenye kioo chake. Anakwenda gengeni Buguruni, amevaa dira na mtandio, anaitwa dada, anachaguliwa ndizi nzuri. Analipa kwa simu. Mwenye genge anasoma jina, kwa sauti, kama wanavyosoma wote kuhakikisha. Kisha anainua macho. “Kesho yake natafuta genge jingine, mjomba. Buguruni magenge yataniishia.” Wanaharakati wanadai mambo makubwa, na wana haki. Nilichopiga chapa mimi kilikuwa kwa ajili ya mama wa ndizi.

La shule lilikwenda. Liliulizwa maswali ofisi baada ya ofisi. Karani mmoja alitaka aletewe barua ya mganga, jambo ambalo halimo kwenye hati wala kwenye sheria, wakili akaenda naye na kitabu na barua ikasahaulika. Jina jipya lilipoanza kutokea kwenye simu, mpwa wangu alinitumia shilingi elfu moja ili nilisome.

Lililobaki lilikuwa langu. Jina la likumbini halina msajili. Nililipeleka kwa mama yangu mkubwa, mzee wa ukoo aliyebaki, kungwi aliyewacheza wari wa vijiji vingi kabla miguu haijamkatalia. Kaka zangu walishasema ya kwao: mmoja alisema ni laana, mwingine alisema ni Dar es Salaam. Dada yangu, mama mzazi, hakusema kitu. Aliendelea kumwita jina la uchangani, lile la kabla ya yote, na mpaka leo anafanya hivyo, na yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa.

Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Habari za mwili alizikata kwa mkono, akasema amezeeka, asiambiwe. Juu ya jina la mjomba wa mama hakuwa na ugumu niliotegemea. “Si lake, si lako. Ni la ukoo. Kama hakulitaka limerudi. Watoto wapo.”

Kisha akauliza: “Hilo jipya nani kampa?”

“Amejipa.”

Hapo ndipo alipokasirika. Mwanamume kuwa mwanamke alikuwa ameliweka pembeni, lakini jina la kujipa hakuweza kulimeza. Alisema jina la kujipa ni la mkimbizi. Akanikumbusha miaka ya vita vya Msumbiji, watu wakivuka Ruvuma usiku na asubuhi wakiwa na majina ya huku, hakuna aliyewapa, hakuna wa kuwaombea. Nimelifikiria sana neno lake kuliko hukumu ya Nairobi. Didi poli inaamini kwamba mtu mzima anaweza kusimama peke yake mbele ya wakili akajiita. Huku juu hatuamini hivyo. Jina ni kitu cha kupokea, lina aliyelitoa, na aliyelitoa ana deni la kukutetea. Mpwa wangu alijipa kwa sababu sisi wenye kutoa tulikuwa tumeshampa letu. Yuko sahihi. Na bibi kizee naye hakuwa mjinga.

“Basi mpe wewe,” nikasema.

Akataka alisikie. Nikalitamka. Akataka tena. Akalirudia kwa Kimakonde chake, akalikata mwisho na kulipa mkunjo ambao jina lenyewe halina, akasema, “Hivyo.” Nikampigia mpwa wangu simu palepale, akamsikia. Sasa jina lake jipya nalo lina sura mbili, ya NIDA na ya mama mkubwa. Wa ukoo wachache wanaomwita, wanaifuata ya pili.

Likizo ya Desemba iliyofuata kulikuwa na jando. Kijana wa mpwa wangu mwingine alitoka likumbini na jina la mjomba wa mama. Ngoma inahitaji mchango, na siku hizi mchango unakuja kwa simu. Mweka hazina wetu anasimama na daftari mbele ya watu, anasoma aliyetuma na alichotuma, ili asije akaambiwa amekula. Alipofika kwenye jina moja akasita.

“Huyu nani? Elfu hamsini.”

“Mpwa wangu,” nikasema. “Yuko Dar.”

“Wa ukoo?”

“Wa ukoo.”

Akaandika. Akageuza ukurasa akaanza kuwasoma wanaodaiwa, na kaka yangu mkubwa alikuwa wa kwanza.